Diski Iliyozoea Joto

Vijana wa karakana mmeniomba niandike namna tulivyofanya kazi zamani. Nimekubali kwa sababu sasa nina muda, na kwa sababu nikisimulia kwa mdomo huwa mnaangalia simu. Habari za vyeo sitaziandika. Nilivipata viwili, na hicho cha pili kiliniongezea funguo za stoo tu. Nitaandika habari za kazi, na zaidi habari za diski moja, maana ndiyo iliyonifunga kwenye ufundi huu mpaka nimestaafu.

Sikuanza na kompyuta. Nilianza na taipureta za shirika moja la pamba. Nilikuwa najua kila sauti ya taipureta, hata ile ya karani anayejifanya anachapa. Shirika lilipoanza kupunguza watu, sisi mafundi wa taipureta tulikumbukwa mapema kuliko tulivyowahi kukumbukwa kwa jambo lolote. Nilirudi nyumbani Nyakato na sanduku langu la vifaa. Miaka ile mambo yalikuwa yanafunguka: maduka ya mjini yamejaa bidhaa tulizokuwa tukizipangia foleni, na sisi tuliozipangia foleni tumepunguzwa kazini. Nilikaa barazani wiki kadhaa nikitengeneza redio za majirani, na nakiri moyo wangu ulikuwa mzito.

Aliyenitoa barazani ni Eufrazia. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, amesomea umeme nje ya nchi, na alikuwa amefungua chumba kimoja cha ufundi wa kompyuta nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Nilimzidi umri, lakini nilimwita Dada kwa heshima ya kazi, naye akaniita Kaka Masanja. Siku ya kwanza hakunipa kiti wala maelezo. Alinipa diski iliyokwisha kufa na bisibisi, akasema nifungue niangalie maisha ya watu yanakaa wapi.

Ndani nilikuta sahani zinazong'aa kama sufuria mpya, na mkono mwembamba wenye kichwa kidogo cha kusomea. Eufrazia akanieleza kwamba maandishi hukaa kwenye njia za mviringo juu ya zile sahani, na kila njia imekatwa vipande vipande, ambavyo ndivyo huitwa sekta. Katika diski za kale kama ile, mkono ulisogezwa na mota ndogo inayokwenda kwa hatua. Mota haioni njia iko wapi. Inahesabu hatua tu na kusimama, kama kipofu ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Nikamuuliza swali la mtu wa taipureta: sekta ikiharibika, unaichomoa unaweka nyingine? Alicheka mpaka akaweka chini kikombe chake cha kahawa. Akasema sekta mbovu haichomolewi. Ni kama shimo barabarani: fundi anaweka matawi kabla ya shimo ili magari yapite pembeni. Programu ya kutengeneza diski kazi yake ni kuweka matawi. Kilichodumbukia shimoni kinabaki humo, na ukiiachia programu ovyo inaweza kukifukia kabisa. Kwa hiyo kwanza unatoa kilichomo, ndipo unaweka matawi. Nyie mlionizoea mnajua nimelisema hili mpaka mnaniigiza nikitoka. Basi jueni silo langu, ni la Eufrazia.

Jambo lingine alilonifunza ni kusikiliza. Unaweka ncha ya bisibisi juu ya mfuniko wa diski na mpini wake kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Diski isiyo na tatizo inavuma kwa utulivu. Diski inayotafuta kitu isichokipata inarudi mwanzo na kujaribu tena, tak, tak, tak, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko uleule. Wateja wakiniona na bisibisi sikioni walidhani naagua. Sikuwakatalia, maana waliacha kutuharakisha.

Wateja wetu wakubwa walikuwa viwanda vya minofu ya samaki. Sangara alikuwa anaondoka kwa ndege, mjini tukabaki na mapanki, vile vichwa na mifupa vinavyobaki minofu ikitolewa, na kompyuta za mtumba zikaja kuhesabu kilichoondoka. Mashine hizo tulizipokea zinanuka samaki. Nyingine zilijaa wale wadudu wa ziwa wanaopanda kama moshi mkubwa juu ya maji, kisha upepo ukiwaleta mjini wanaufuata mwanga wa monita. Nimechota wadudu kwenye feni za kompyuta kwa kijiko cha chai. Mke wangu alikitambua kijiko hicho baadaye, lakini hiyo ni kesi nyingine.

Kisha akaja Mama Kulwa.

Alikuja asubuhi akitembea nyuma ya mkokoteni, na juu ya mkokoteni kulikuwa na kompyuta ya kizamani imefunikwa kwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua pembeni. Vijana hamkuziona nyumba za wakati ule vizuri. Kila kitu cha heshima kilivikwa kitambaa cha kufuma: redio, meza, kochi, hata mtungi wa maji. Lakini kitambaa cha mama huyu kilikuwa kimeshonwa kwa kipimo cha mashine, kimeishika kama soksi, kimeziba matundu yote ya kupumulia. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, nami hapohapo nikakivua kile kitambaa na kumweleza kwamba ndicho kilichoua mashine. Akauliza kama ndicho kilichoiua, mbona iliishi nacho miaka yote. Nikasema hata mvuta sigara huishi miaka. Akasema mumewe havuti sigara na ameanguka. Hapo nikakikunja kitambaa nikamrudishia.

Mume wake alikuwa Mwalimu Mazigo, mzaliwa wa Ukerewe, mtoto wa mvuvi, aliyefundisha elimu ya viumbe mpaka akastaafu. Kilichomsumbua ni samaki. Siyo sangara, bali wale waliokuwepo kabla sangara hajawameza: furu wa kila rangi, ningu, gogogo, domodomo, nembe. Alikuwa ameona kwamba mtoto wa shule akiambiwa ataje samaki wa ziwa anataja sangara, sato na dagaa, kisha anakaa chini. Basi akazunguka visiwani na mialoni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, kuwauliza wavuvi wazee: huyu alitagia wapi, alikuja msimu gani, alinaswa kwa mtego wa namna gani, alipikwaje. Padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya alimwachia kompyuta, naye kila alichokisikia akakiingiza humo. Wengi wa wale wazee walikwisha kufariki.

Kitabu kilikuwa kimekwisha, bado kuchapishwa tu, ndipo kiharusi kikampata. Akili ilibaki timamu, lakini mkono wa kulia na ulimi havikurudi. Muda mfupi baadaye mashine nayo ikagoma. Nilimuuliza Mama Kulwa kama kuna maandishi ya mkono. Akasema yalikuwepo, rundo zima. Mwalimu alipomaliza kuyaingiza kwenye kompyuta aliiamini sana mashine ile, akampa jirani muuza karanga zile karatasi afungie. Kulikuwa na flopi moja pia, zile diski nyembamba za kuchomeka tulizotumia kuhifadhia nakala, lakini ilishika ukungu.

"Watu wa mtaa wetu wa Mabatini wamekula kitabu hicho pamoja na karanga," alisema. "Kilichobaki ni hicho mlicho nacho hapo mezani. Yeye hawezi tena kusema, na waliomwambia hawapo."

Eufrazia alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Alimwambia tutafanya tuwezavyo, na hatuahidi. Mama Kulwa akajibu kwamba hakuja kutafuta ahadi, angetaka ahadi angekwenda kwa mbunge.

Tulipoiwasha, mashine ilifika katikati ya kuamka ikasimama na kutuuliza swali lile ambalo mafundi wa wakati wetu tuliliona hata ndotoni: niache, nijaribu tena, au nikubali nimeshindwa? Nikaweka bisibisi sikioni. Tak, tak, tak. Tukaanza kunakili sekta moja moja kwenda kwenye diski nyingine iliyo nzima, kwa programu inayorudia kusoma pale inaposhindwa. Sehemu kubwa ilikataa. Faili la kitabu tuliliona jina lake, lakini ndani lilitoka vipande: mstari wa furu, kisha takataka, kisha nusu ya mtego, kisha takataka. Kesho yake asubuhi hali ilikuwa mbaya zaidi, hata zile sekta zilizosoma jana zikakataa.

Mimi nilitaka tuiweke kwenye friji. Ulikuwa ushauri maarufu wa mafundi, kwamba diski inayokufa ukiigandisha kidogo inakumbuka. Eufrazia alisema kinachobadilika kabla hujajua kinabadilika kwa nini, usikisukume. Tukaendelea hivyohivyo siku kadhaa, kila asubuhi mbaya, kila alasiri afadhali kidogo. Nilianza kuona haya Mama Kulwa akipita. Alipita mara kwa mara, akisingizia kwamba anakwenda sokoni, na kila mara kikapu kilikuwa kitupu.

Siku moja ukatupata mgao wa umeme. Tulikuwa na jenereta dogo lisiloweza kubeba kompyuta pamoja na kiyoyozi, na kile kiyoyozi kilikuwa fahari yetu, maana wateja wengine walikuja kupunga upepo tu. Tukazima kiyoyozi tukawasha mashine. Chumba kikawa tanuri. Nikiwa najifuta jasho, nikasikia sauti ya diski imebadilika. Nikaweka bisibisi sikioni. Ilikuwa inavuma, inapiga hatua, inavuma tena bila kurudi mwanzo. Kwenye kioo sekta zilizokuwa zimekufa zilikuwa zinasoma moja baada ya nyingine.

Eufrazia aliangalia kioo, akaangalia kiyoyozi, kisha akaniuliza kile kitambaa kiko wapi.

Akanieleza huku anachora kwenye kiganja. Chuma kikipata joto kinatanuka. Mota inayohesabu hatua haijui habari hiyo. Mwalimu aliandika kitabu chote mashine ikiwa imevikwa soksi yake, ndani ya chumba chenye paa la bati, diski ikiwa ya moto kupita kiasi. Njia zote ziliandikwa mahali pa joto. Sisi tukaileta kwenye ubaridi wetu wa fahari, kichwa kikawa kinasimama pembeni ya njia, kama mtu anayesoma huku ameweka rula juu ya mstari wenyewe. Sekta nyingi hazikuwa mbovu. Zilikuwa zinasubiri joto lake.

Kwa hiyo nilitumwa Mabatini, mimi niliyekivua kile kitambaa kwa hotuba, kwenda kukiomba kirudi. Nilipanda mawe ya kilima chao nikijua kinachonisubiri. Mama Kulwa alikuwa amekifua na kukipiga pasi. Hakunipa mkononi. Alikuja nacho mwenyewe, akaivika mashine kwa mikono yake, akanyoosha pembe, akasimama pembeni amefunga mikono kifuani. Nilimweleza kwamba bado kitambaa ni kosa, na laiti kisingekuwepo tangu mwanzo tusingekihitaji sasa. Akasema laiti kisingekuwepo sasa nisingekuwa naongea naye kwa upole hivyo. Eufrazia aligeukia ukutani. Nilimwona mabega yanatikisika.

Tulifunga dirisha, tukazima feni, tukakaa humo na jasho letu. Tulipata furu. Tulipata ningu na safari zake za kupanda mito mvua zikianza. Tulipata domodomo, na sura nzima ya mitego ya matete. Kila sura iliyokamilika Eufrazia aliiweka kwenye flopi mbili, na Mama Kulwa akazishika flopi hizo mapajani kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani. Mimi nilikuwa na furaha ambayo taipureta haikuwahi kunipa. Nilijua siku ile kwamba sitarudi barazani.

Zilibaki sekta chache zilizokuwa mbovu kwelikweli. Joto halikuzisaidia. Diski ikisoma sekta huwa inafanya hesabu ya kujikagua, na hesabu isipokubali inakataa kukupa chochote, hata kama kilichoharibika ni herufi tano tu. Eufrazia alijua namna ya kuiamuru ikupe ilicho nacho bila kujali hesabu. Tukazitoa hivyo, zikaja na mabaka: maneno mazuri, kisha alama za ajabu, kisha maneno mazuri. Mabaka mengi niliyajua mwenyewe, maana hata mtoto anajua kati ya "mvua" na "masika" kunakaa "za". Moja sikulijua.

Tuliweka kitabu kwenye diski nyingine, tukaifunga ndani ya mashine ileile, na jioni moja kabla ya jua kuzama nikaipeleka Mabatini na wapagazi wawili, kwa sababu mkokoteni haupandi mawe. Nyumba yao ilikuwa imeegemea jabali. Mwalimu Mazigo alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, mrefu, amenyolewa vizuri, mkono wa kulia umelala mapajani. Nilimpa shikamoo. Aliitikia kwa macho.

Nikaiwasha. Mama Kulwa akavuta stuli, akaanza kusoma kwa sauti kutoka kwenye kioo, kuanzia furu. Alikuwa mzaliwa wa Sengerema, ng'ambo ya kisiwa cha mumewe, akasoma kama watu wa kwao, r na l zikibadilishana viti, na kila alipokosea jina la samaki Mwalimu aligonga meza kwa kidole cha kushoto. Alikuwa analia. Machozi yalishuka upande mmoja na mwingine sawasawa, ila uso ulicheka upande mmoja tu. Mama Kulwa hakumtazama, aliendelea kusoma kwa ukali, akibishana kila kidole kilipogonga. Kisiwani kwake wanasema vile, alidai, sisi wa ng'ambo tunasema hivi. Nilielewa kwamba hivyo ndivyo kitabu kilivyoandikwa tangu mwanzo, yeye akisoma na kupinga, Mwalimu akirudi visiwani kuuliza tena.

Kisha nikawaambia kuna baka moja lililonishinda, na lipo kwenye ukurasa wa shukrani. Mama Kulwa akasema ukurasa huo hajawahi kuuona. Mwalimu alimficha, akamwambia atausoma siku kitabu kikitoka. Nikaufungua. Ulikuwa na wavuvi wote kwa majina na mialo yao, na mwisho kabisa uliandikwa hivi: Namshukuru mke wangu, ambaye ni, kisha alama sita za ajabu, kisha: kuliko wanafunzi wote niliopata kuwafundisha.

Nilitaka kumsaidia mama wa watu, nikasema kwa vyovyote ni neno jema. Nikapendekeza "mwenye bidii". Kidole kikagonga meza mara mbili, na kwa kugonga huko nilielewa hapana. Nikasema "mwerevu". Hapana. Mama Kulwa akasema kwa sauti ndogo, ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba tuliache tu, si lazima. Mwalimu akagonga meza kwa nguvu.

Halafu akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea kibodi. Tangu apate nguvu za kukaa hakuwa na mashine ya kugusa, na kalamu ilikuwa inamtoroka. Nilisogeza kibodi nikaweka alama mahali pa baka, nikatoa mikono yangu. Kidole kilitafuta juu ya herufi muda mrefu. Kikashuka kwenye m. Kikatangatanga, kikashuka kwenye b. Mama Kulwa alikuwa anasoma kila herufi kwa midomo bila sauti. I. Kisha s, kisha h. Jasho lilikuwa linamtoka Mwalimu kwenye paji la uso. Akamalizia na i, akaegemea kiti.

Mama Kulwa alisoma mstari mzima. Namshukuru mke wangu, ambaye ni mbishi kuliko wanafunzi wote niliopata kuwafundisha.

"Mbishi? Mimi?" alisema. "Mwalimu, mimi ni mbishi lini?"

Kutoka upande ule mmoja wa uso ambao bado ulikuwa wake, Mwalimu Mazigo alicheka kwa sauti. Mama Kulwa alisema baadaye kwamba ndiyo sauti ya kwanza aliyoisikia kwake tangu aanguke. Akanigeukia mimi, macho yamejaa machozi, akaniambia nilifute neno hilo, niandike jingine lenye adabu. Nikamtazama Mwalimu. Alikuwa ameuweka mkono wake wa kushoto juu ya kibodi, ameukunjua wote, na hakuwa na nia ya kuutoa.

"Mama," nikasema, "hilo siwezi kulifuta. Limeandikwa na mwenyewe."

"Basi muulize kwanza," akasema, tayari amevuta stuli karibu na mumewe na kuweka kidole kwenye kioo, "hili la domodomo kutagia kwenye mawe alilitoa wapi, maana nilimkatalia tangu zamani."

Mwalimu akainua kidole, akaanza kutafuta herufi ya kwanza ya jibu lake.